Alama Ndogo ya Ng'ambo na Madaftari Yetu ya Kompyuta

Imeenea miongoni mwa makarani, walimu na hata baadhi ya mafundi wa kompyuta wa nchi yetu imani kwamba Kiswahili, tofauti na Kifaransa chenye vikofia juu ya irabu zake na Kijerumani chenye nukta mbili mbili, ni lugha iliyosalimika na balaa la herufi, maadamu maneno yake yote huandikika kwa vibonye vile vile vilivyochorwa juu ya mashine, bila ya nyongeza wala upungufu. Imani hiyo ina haki kwa sehemu kubwa, na haki yake hiyo ndiyo iliyowafanya wengi wasijishughulishe na elimu ya kugeuza faili za maandishi kutoka usimbaji mmoja kwenda mwingine, wakidhani kuwa hiyo ni shughuli ya Wachina, Warusi na Waarabu. Walakini iko sauti moja katika Kiswahili ambayo herufi peke yake haziwezi kuiandika mpaka zisaidiwe na alama, nayo ni sauti inayoanza neno ng'ombe. Na katika magharibi ya Tanzania, ambako Wanyamwezi na Wasukuma huitumia sauti hiyo katika majina ya watu na ya mahali kwa wingi usioonekana pwani, alama hiyo ndogo imekuwa mlango wa hasara.

Mjini Tabora iko kata iitwayo Ng'ambo. Atakaye ushahidi wa maneno yangu na azitazame kwa utulivu orodha ndefu za majina zinazobandikwa mbaoni au kusambazwa kwa simu, za wanafunzi, za wanachama wa ushirika, za wakulima wa tumbaku na za waombaji wa viwanja, naye hatakawia kukuta jina hilo, au jina la mtu linaloanza kwa Ng'wa, limeandikwa kwa sura ambazo hakuna mwalimu aliyepata kuzifundisha: mara «Ng’ambo», mara Ng na ambo zimetenganishwa na kijipembe cheusi chenye alama ya kuuliza ndani yake, na mara «Ngambo» tupu, kana kwamba alama haijapata kuwako. Wapitao hucheka wakaenda zao. Mimi naona kwamba sura hizo tatu ni dalili za maradhi matatu mbalimbali, na kwamba ile isiyochekesha, yaani ya tatu, ndiyo ya khatari kuliko zote.

Kompyuta haihifadhi herufi. Huhifadhi namba, na kila herufi tuionayo juu ya kioo ni tafsiri ya namba kwa kufuata jedwali fulani. Jedwali la kale la Wamarekani liitwalo ASCII, lililotolewa mara ya kwanza mwaka 1963, lina nafasi 128 tu, na ndani ya nafasi hizo zimo herufi zetu zote pamoja na ile alama ya wima iliyo juu ya kibonye, ambayo namba yake ni 39. Lau kama watu wangaliendelea kuandika kama walivyoandika makarani wa taipureta, kwa kibonye kimoja na alama moja iliyonyooka, makala hii isingalikuwa na haja. Lakini programu za kuandikia barua, ambazo ziliingia maofisini mwetu kwa wingi katika miaka ya 1990, zilikuja na adabu ya wapiga chapa wa Ulaya, kwamba alama iliyonyooka ni ya watu duni na kwamba muungwana hutumia iliyopinda. Basi kila karani alipopiga ng na alama ya wima, programu ikaiondoa ile ya wima bila ya kumwomba ruhusa ikaweka iliyopinda mahali pake. Na ile iliyopinda haimo katika ASCII. Katika jedwali la kampuni ya Microsoft liitwalo Windows-1252, ambalo ndilo lililotawala kompyuta zetu nyingi kwa muda mrefu, namba yake ni 146. Katika UTF-8, usimbaji uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992 na ambao leo umeenea karibu dunia nzima, alama hiyo hiyo huandikwa kwa baiti tatu zinazofuatana: 226, 128, 153.

Msomaji sasa anaweza kuyaeleza mwenyewe maradhi yale. Programu inayotarajia Windows-1252 ikipewa faili la UTF-8, itazisoma zile baiti tatu moja moja, nayo itakuta kwamba 226 ni herufi a yenye kofia, 128 ni alama ya fedha ya Ulaya, na 153 ni alama ya nembo ya biashara. Ndiyo hiyo «’» iliyokaa katikati ya jina la kata. Programu inayotarajia UTF-8 ikipewa faili la Windows-1252, itakutana na 146 iliyosimama peke yake, jambo lisilo halali katika sharia ya UTF-8, nayo itaweka kijipembe cheusi kuwa ni kukiri kwake kwamba haikufahamu. Hayo mawili ni makosa yanayopiga kelele, na kosa lenye kelele hutafutiwa dawa.

Dawa iko, tena haina gharama. Katika kila kompyuta yenye mfumo wa Linux, na katika zile za Mac, imo programu ndogo iitwayo iconv, ambayo haina picha wala vibonye vya kubofya, bali huitwa kwa kuandikiwa amri yake katika dirisha la amri. Na wenye Windows waweza kuipata bila ya malipo. Amri yenyewe ni mstari mmoja:

iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8 orodha.txt > orodha-mpya.txt

Herufi f hutangulia jina la usimbaji ambao faili linatoka, na herufi t hutangulia jina la usimbaji ambao linakwenda. Kisha hufuata jina la faili la asili, na baada ya mshale jina la faili jipya litakalopokea matokeo. Orodha ya majina elfu kumi hugeuzwa kabla mtu hajapepesa jicho, na kwa nyongeza ya maneno machache waweza kuzigeuza faili zote za kabati zima kwa pigo moja. Wala usidhani kwamba lile donda la «’» halina tiba ya namna hii: likiwa limekwisha kuhifadhiwa hivyo hivyo ndani ya faili, na kila alama iliyopinda imeharibika kwa namna hiyo moja, hugeuzwa kinyumenyume, kutoka UTF-8 kwenda WINDOWS-1252, na zile alama tatu za ajabu hurejea kuwa baiti 226, 128 na 153, ambazo ndizo alama yetu halisi katika UTF-8. Niliwahi kumwonyesha jambo hili karani mmoja mzee, naye alitikisa kichwa akasema kuwa ni uganga. Si uganga hata kidogo. Ni hesabu ya kurudi kwa njia uliyojia.

Lakini hapa ndipo ninapotaka tusimame, kwa kuwa hapa ndipo vijana wetu hodari wanapojikwaa. Amri hii ni mtumwa mtiifu kupita kiasi. Huichukua kauli yako juu ya faili lilikotoka bila ya kudai hoja, nayo haina namna ya kujua kama ulisema kweli, kwa sababu faili la maandishi matupu halina kibandiko. Katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi hapa kwetu Unyanyembe, na kutoka hapa ikaendelea hadi Ujiji, mzigo wa mpagazi, ambao aghalabu ulikaribia frasila mbili, ulikuwa na alama ya mwenyewe, na mnyapara aliyeupokea alijua ni wa nani na umetoka wapi. Faili la maandishi ni mzigo uliofungwa vizuri usio na alama yoyote nje, na anayeupokea hana budi ama kuijua habari yake kwa njia nyingine ama kubahatisha.

Na tuone kubahatisha kunavyoponza. Kijana amepewa faili la mwaka 1998, amesikia kwamba maandishi ya zamani ya Ulaya Magharibi huwa katika usimbaji uitwao ISO-8859-1, ambao watu wengi huuchukulia kuwa ni kitu kimoja na Windows-1252, na hata programu za kutembelea intaneti huuchukulia hivyo kwa huruma. Naye akaandika jina hilo baada ya f. Iconv haina huruma hiyo. Katika ISO-8859-1 namba 146 si alama iliyopinda, bali ni nafasi iliyoachiwa amri za siri za mitambo, zisizoonekana juu ya kioo. Basi iconv itaigeuza kwa uaminifu kamili kuwa amri hiyo ya siri katika UTF-8, haitalalamika, haitatoa onyo, na kijana akifungua faili jipya atasoma Ngambo, ngombe, Ngwana. Ataona maandishi safi yasiyo na kijipembe wala kofia, atafurahi, atafuta faili la zamani ili kuokoa nafasi, na kazi itahesabiwa kuwa imekwisha. Hiyo ndiyo ile sura ya tatu niliyoitaja, isiyochekesha mtu. Tena ajuaye kidogo atasema kwamba alama imepotea tu, ilhali haikupotea: imo ndani, haionekani, na mashine ya kutafuta ikiulizwa Ngambo haitaiona, na ikiulizwa Ng'ambo haitaiona vilevile.

Wako watakaonijibu kwamba siku hizi kompyuta hujua yenyewe. Ni kweli kwamba ziko programu za kukisia. Amri ya file katika Linux, ikiongezewa kibainishi chake cha i, itakutajia usimbaji inaoudhania, na dhana yake juu ya UTF-8 ni ya kutegemewa, kwa kuwa usimbaji huo una kanuni kali ya kufuatana kwa baiti ambayo maandishi ya jamii nyingine ni nadra kuitimiza kwa bahati. Kwa hiyo anayetaka kujua kama faili lake ni UTF-8 sahihi anaweza kuiamuru iconv iligeuze kutoka UTF-8 kwenda UTF-8 hiyo hiyo. Likipita salama, basi karibu hakika ndilo. Likikataa, iconv itasimama na kutaja mahali penyewe ilipojikwaa. Lakini kati ya yale majedwali ya baiti moja moja hakuna mtihani wa namna hiyo, kwa maana karibu kila namba ina maana fulani katika kila jedwali, na mashine haiwezi kujua kama maana iliyopatikana ni ya kweli. Mwenye kujua ni mtu anayelitambua jina la kata yake.

Nasema hivi nikikumbuka kwamba sisi wa njia hii si wageni wa kugeuziwa maandishi. Kabla ya herufi za Kirumi, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na barua za wafanyabiashara wa Unyanyembe kwenda Zanzibar ziliandikwa kwa herufi hizo. Kila aliyezisoma alijua upungufu wake: herufi ba ilibeba sauti za b, p na mb, fa ilibeba f na v, ghaini ilibeba gh, g, ng na hata hiyo ng' yetu, kasra ilitumika kwa i na kwa e, na dhamma kwa u na kwa o. Mwandishi na msomaji waliotoka nyumba moja hawakuona taabu, kwa kuwa msomaji alijaza kwa fahamu yake kile ambacho herufi haikukisema. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, ni miongoni mwa waliozifanyia kazi herufi hizo pamoja na mmishenari W. E. Taylor, wakaziongezea nukta na alama ili kila sauti ya Kiswahili ipate kiti chake.

Sasa mtazame Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, ambaye babake alikuwa mtu mkubwa hapa Tabora na alimwoa binti wa mtemi Fundikira. Alipokuwa mzee, Mjerumani Heinrich Brode alimwomba aandike habari za maisha yake, naye akaziandika kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu. Brode akazigeuza kwa herufi za Kirumi, na kitabu hicho kikachapishwa Berlin katika miaka ya 1902 na 1903. Kila tunapokisoma leo, tunasoma maneno ya Tippu Tip kwa herufi ambazo Brode alizichagua. Palipoandikwa ba, yeye ndiye aliyeamua kama ni b au p. Palipoandikwa ghaini mwanzo wa jina la mto au la mtemi wa mbali, yeye ndiye aliyeamua. Sisemi kwamba aliamua vibaya. Alikuwa mtu wa elimu, tena alikuwa na bahati kubwa ambayo iconv haina, maana mwandishi mwenyewe alikuwa hai, na angeweza kuulizwa. Nasema kwamba kila kugeuza herufi ni kuamua, hata pale ambapo mwamuzi ni mashine na muda wa uamuzi ni sehemu ndogo ya dakika.

Na asidhani mtu kwamba habari za herufi za Kiarabu zimekwisha. Atakayetaka leo kuziingiza nyaraka za namna hiyo katika kompyuta kwa herufi zake zenyewe, jambo ambalo lingefaa sana kwa Tabora na Ujiji, atakuta ndugu wa maradhi yale yale. Usimbaji wa ISO-8859-6, uliowekwa mwaka 1987 kwa ajili ya Kiarabu, hauna herufi ya p wala ch wala g, kwa sababu Kiarabu chenyewe hakizihitaji. Ule wa Windows-1256 unazo hizo tatu, lakini hauna ile fa yenye nukta tatu ambayo watu wameitumia kwa v. Anayegeuza utenzi kutoka UTF-8 kwenda Windows-1256 ili usomeke katika mashine kuukuu, ataona iconv inakataa pale panapokuja neno vita. Karne imepita na mashine zimebadilika, ila herufi za Mwalimu Sikujua zinaendelea kugombania viti.

Hapo iconv inapokataa ndipo pana vishawishi viwili, na juu ya hivyo nina hukumu kali. Cha kwanza ni kibainishi cha c, ambacho huiambia programu kwamba chochote kisichogeuzika kitupwe na kazi iendelee. Mtu mwenye haraka hukipenda, kwa kuwa malalamiko hukoma mara moja. Lakini kukitumia kibainishi hicho juu ya daftari la majina ya watu ni sawa na kumpa karani ruhusa ya kufuta herufi yoyote asiyoitambua, naye asiandike popote kwamba amefuta. Mimi ningependa kitajwe katika kanuni za ofisi za umma kwa jina lake na kipigwe marufuku. Cha pili ni neno TRANSLIT, ambalo huongezwa baada ya jina la usimbaji wa kwendea, likitanguliwa na mistari miwili ya mshazari, na huiamuru programu iweke kinachofanana pale pasipopatikana kitu chenyewe. Hiki nakiruhusu kwa hadhari, maana kwa alama iliyopinda iconv ya Linux huweka ile ya wima, na hilo kwetu ni jema: kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusimamia Kiswahili sanifu haikutuagiza tupinde alama. Lakini na kifanywe juu ya nakala, tena mbele ya macho ya mtu ajuaye majina.

Kuna ajali nyingine ya kijinga, ambayo naitaja upesi kwa kuwa imewaliza watu: usiliite faili jipya kwa jina lile lile la faili la asili. Dirisha la amri hulifungua faili la matokeo na kulifuta kabla iconv haijasoma hata herufi moja, na utakachobaki nacho ni faili lenye ukubwa wa sifuri.

Neno la nakala ya asili lina ushahidi wake papa hapa Kwihara, maili chache nje ya mji, ambako tembe alilokaa Livingstone limegeuzwa kuwa makumbusho. Mwaka 1871, akiwa Nyangwe katika Manyema, mzee huyo aliishiwa na karatasi na wino, akawa anaandika habari zake juu ya kurasa za gazeti la London liitwalo The Standard, kwa wino uliotengenezwa kwa mbegu, akipitisha mistari yake kukata maandishi ya chapa. Baadaye alizinakili habari hizo vizuri katika daftari kubwa, ambalo wataalamu huliita kwa jina la Unyanyembe, na alipoagana na Stanley mwezi wa Machi 1872 alimkabidhi daftari hilo lipelekwe Uingereza. Kitabu cha safari zake za mwisho, kilichotengenezwa na Horace Waller na kutolewa mwaka 1874, kilifuata ile nakala safi. Zile kurasa za gazeti zilichakaa, wino ukafifia mpaka usionekane, na mtu wa tabia ya siku hizi angalizitupa, maana habari zake si zilikwisha kunakiliwa? Kwa heri ya dunia hazikutupwa. Kufikia mwaka 2011 wataalamu waliokuwa chini ya Adrian Wisnicki walikuwa wamezipiga picha kwa miali ya rangi nyingi, wakayasoma tena maandishi yaliyofutika, na wakaona kwamba Livingstone alipokuwa akinakili habari za mauaji ya sokoni Nyangwe alikuwa pia akizirekebisha. Nakala ilikuwa safi, mwandiko wake mzuri, mwenye kunakili ni mwandishi mwenyewe; na bado haikuwa sawa na asili.

Kama hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mtu aliyenakili maneno yake mwenyewe, seuze karani anayegeuza orodha ya watu asiowajua, kwa amri aliyoipata kwa rafiki, siku ya mwisho kabla ya kukabidhi ripoti.

Najua jibu litakalotolewa mezani: kwamba alama ni ndogo, na watu wataelewa. Watu wataelewa, naam; lakini madaftari ya leo hayasomwi na watu, husomwa na mashine zinazolinganisha daftari moja na jingine, na kwa mashine mtu aliyeandikwa kwa alama ya wima katika cheti cha shule, kwa alama iliyopinda katika kadi ya ushirika, na bila ya alama katika kitambulisho, ni watu watatu. Atakayetumwa kwenda kuapa mbele ya wakili kwamba majina hayo matatu ni yake, na kulipia kiapo hicho, ni mkulima au mwanafunzi ambaye hakugeuza faili lolote maishani mwake. Aghalabu atakuwa ni Msukuma au Mnyamwezi, kwa kuwa Mswahili wa pwani mwenye jina la Juma au Mwanaisha hana alama ya kupotezewa. Sidhani kuwa yuko mtu aliyekusudia dhuluma hiyo. Lakini dhuluma isiyokusudiwa nayo hulipiwa nauli ya kwenda mjini.

Wengine watasema kwamba kazi hii ni ya serikali kuu na wataalamu wa Dar es Salaam na Dodoma. Sikubaliani nao, kwa sababu ile ile niliyoieleza: mtaalamu wa mbali anaijua amri, lakini hajui kwamba kuna kata iitwayo Ng'ambo, wala hawezi kuhisi lolote aonapo Ngambo. Ujuzi wa faili lilikotoka, ofisi gani, mwaka gani, mashine gani, nani aliyeliandika, umo vichwani mwa makarani walioko Tabora, Urambo, Nzega, Igunga na Sikonge, ambao baadhi yao wanakaribia kustaafu, na swali la f haliwezi kujibiwa vyema bila ya wao. Shule zetu za sekondari, ambazo Tabora imejivunia tangu zamani za ukoloni, zina vijana wanaofunzwa kompyuta na wanaotafuta kazi ya kufanyia mazoezi. Nao wakiketi siku chache pamoja na wazee hao, mmoja akiandika amri na mwingine akisoma majina, watafanya kazi ambayo hakuna mkandarasi wa mbali atakayeifanya vizuri kuliko wao.

Basi ombi langu kwa wakuu wa shule, makatibu wa vyama vya ushirika, maparoko, maimamu na watendaji wa kata ni hili. Kabla kompyuta kuukuu iliyofunikwa kitambaa pembeni mwa ofisi haijauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, faili zake na zinakiliwe kama zilivyo, bila ya kugeuzwa chochote, ziwekwe mahali pawili, na pamoja nazo liwekwe faili dogo linalosema zimetoka mashine gani, programu gani na mwaka gani. Kazi ya kuzigeuza kwenda UTF-8 na ifanywe baadaye juu ya nakala nyingine, na kabla ya yeyote kutia sahihi kwamba imekwisha, mtu mzaliwa wa hapa na ayatafute ndani yake majina ya ng' anayoyajua, moja baada ya moja, kwa macho yake.